Keneli ikigoma kuiachia draiva ya diski, isikilize

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa TEHAMA katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tuna seva moja ya Linux. Mfumo wenyewe umekaa kwenye SSD iliyochomekwa ubaoni, na data zote za kiwanda zipo /data, kwenye diski sita zilizo chini ya kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) inayotumia draiva ya megaraid_sas. Nimepata kifurushi cha draiva mpya na nataka kuibadilisha bila kuzima seva, kwa sababu programu inayorekodi joto la vyumba vya ubaridi haitakiwi kusimama. Kila nikiandika modprobe -r ili kuiondoa ya zamani naambiwa moduli inatumika. Mwenzangu kazini kanishauri nitumie rmmod -f, inayoiondoa kwa lazima. Je, ni salama?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Si salama. Usiandike `rmmod -f`. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri.

Ujumbe unaoupata si hitilafu. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inaweka hesabu kwa kila draiva (yenyewe huiita moduli), ya wangapi wanaishikilia. Diski yoyote iliyo nyuma ya kontrola inapofunguliwa, iwe na mfumo wa mafaili uliopachikwa (mount), na LVM (tabaka linalogawa diski katika vipande), na swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), au na programu inayoisoma diski moja kwa moja, namba ya draiva inapanda. Ikifungwa, inashuka. `modprobe -r` inatazama namba hiyo, na ikikuta si sifuri inakataa. Iangalie mwenyewe kwa `lsmod | grep megaraid`. Safu ya mwisho ina namba, na pengine majina baada yake. Majina yakiwepo, kuna moduli nyingine iliyosimama juu ya draiva hii. Namba ikiwa peke yake, anayeishikilia si moduli bali ni mtu aliyeifungua diski, na kazi yako ni kumtafuta huyo mtu.

Amri uliyoshauriwa inapuuza hesabu hiyo na kuendelea. Baadhi ya keneli zimejengwa bila kuiruhusu kabisa, na hapo utakuwa umeponea. Zinazoiruhusu zitaiondoa draiva huku mfumo wa mafaili bado unaamini diski zipo. Draiva ni msimbo uliokaa kwenye kumbukumbu ya keneli. Ukishafutwa, sehemu nyingine ya keneli iliyokuwa ikiuita inajikuta inarukia mahali pasipo kitu, na keneli inaanguka. Hata isipoanguka, inajiwekea alama ya kudumu hadi iwashwe upya kwamba ililazimishwa kuondoa moduli, na fundi yeyote utakayempelekea tatizo baadaye ataiona alama hiyo kwanza na kukwambia uwashe seva upya kabla hajakusikiliza. Atakuwa na haki.

Kinachonitia hofu zaidi ni data. Programu ikiandika faili kwenye Linux, kwa kawaida maandishi hayaendi kwenye diski papo hapo. Yanakaa kwanza kwenye RAM, na keneli kwa mipangilio yake ya kawaida huamka kila sekunde 5 kuangalia kilichokaa zaidi ya sekunde 30, ikakipeleka diskini. Kanzidata nzuri hailali na mtindo huo. Hulazimisha kila muamala ufike chini kabla ya kusema tayari. Lakini faili la Excel ambalo mtu wa mapokezi amelihifadhi sasa hivi, logi, ripoti ya mizani iliyotoka kuchapwa, vyote hivyo vinaweza kuwa bado viko juu. Ukivuta draiva wakati huo, havina njia ya kushuka, na hakuna atakayekwambia kwamba havikushuka. Utagundua siku mkaguzi anapouliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo swali lako limelipita kwa haraka. Umesema programu ya kurekodi joto haitakiwi kusimama. Ni sahihi; samaki waliogandishwa wanatakiwa wabaki nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na rekodi isiyo na pengo ndiyo ushahidi wenu kwa mnunuzi. Lakini umesema pia kwamba data *zote* za kiwanda zipo /data. Basi rekodi za joto nazo zinaandikwa huko. Ukiondoa draiva kwa njia halali kabisa, programu hiyo itakosa pa kuandika, na kwayo kuondoa draiva na kuwasha seva upya vitakuwa na uzito uleule. Kabla ya kufikiria megaraid_sas, hamishia kanzidata ya joto kwenye SSD. Ni data ndogo: joto la vyumba kadhaa kila dakika chache haliwezi kujaza hata kona ya SSD. Ihamishe kwa utaratibu, iache ikimbie huko kwa siku kadhaa, hakikisha bakapu yake inaendelea kuchukuliwa. Kama huwezi kuihamisha, usijitese na kazi hii. Panga muda, mpe mtu wa zamu kipimajoto na daftari aandike kila baada ya muda mliokubaliana na meneja wa ubora, kisha washa seva upya kwa heshima. Kuwasha upya kuliko na mpango hakuna aibu yoyote, na mara nyingi ndilo jibu bora.

Kuna hali nyingine ambayo kuwasha upya ni lazima. Draiva ya megaraid_sas huja ndani ya keneli yenyewe, na vilevile huweza kuja kama kifurushi cha mtengenezaji. Kama unachokiita draiva mpya ni kile kilichokuja na keneli mpya, kuondoa ya sasa hakutakusaidia, maana moduli iliyojengwa kwa keneli nyingine kwa kawaida haipakiki kwenye hii inayokimbia. Linganisha jibu la `uname -r` na mstari wa vermagic (toleo la keneli ambalo draiva ilijengewa) unaoonyeshwa na `modinfo` ukiielekeza kwenye faili la draiva mpya. Visipofanana, ishia hapo.

Angalia pia kama seva yako imewashwa kwa Secure Boot, ulinzi unaokubali tu msimbo wenye sahihi. `mokutil --sb-state` itakujibu. Ikiwa imewashwa, moduli isiyo na sahihi inayotambuliwa itakataliwa kupakiwa. Hebu fikiria mpangilio huo: umeondoa ya zamani vizuri, ya mpya imekataliwa, na kiwanda kizima hakina /data. Ndiyo maana faili la draiva ya zamani linanakiliwa pembeni, kwenye SSD, kabla ya kugusa kitu chochote. Na bakapu, bila shaka, iwe imechukuliwa na imejaribiwa kurejeshwa, tena iwe nje ya hizo diski sita.

Tuseme yote hayo yamekaa sawa. Thibitisha kwanza kwamba mfumo kweli hauko chini ya kontrola hiyo. Umesema uko kwenye SSD ya ubaoni, nami nakuamini, lakini seva zinarithiwa, na aliyezifunga kabla yako huenda aliweka /var au /usr kwenye RAID kwa sababu SSD ilikuwa ndogo. `findmnt` itakuonyesha kila kilichopachikwa. `lspci -k` itakuonyesha kontrola gani inatumia draiva gani. Na `readlink -f /sys/block/sdb` itakupa njia nzima kutoka kwenye diski hadi kwenye nambari ya PCI (anwani ya mahali kadi ilipochomekwa) ya kontrola yake, bila kubahatisha. Ikiwa /var ipo huko, shajara ya mfumo inaandika humo muda wote, na hutaweza kuipachua ukiwa kazini. Ikiwa ni /usr, amri zenyewe unazozitegemea ziko juu ya tawi unalotaka kulikata.

Baada ya hapo unashuka kutoka juu kwenda chini. Juu ni watu na programu, chini ni chuma, na katikati kuna tabaka ambazo kila moja imeishikilia iliyo chini yake. Simamisha huduma zinazotumia /data kwa `systemctl stop`, si kwa kuua prosesi. Huduma iliyouawa inaweza kufufuliwa na systemd, msimamizi wa huduma, sekunde hiyohiyo. Halafu `fuser -vm /data` itakutajia waliobaki. Mara nyingi utajikuta mwenyewe: terminali yako ya SSH imesimama ndani ya /data/ripoti. Andika `cd /` kisha uendelee. Usitumie `fuser -km` kwa pupa. Inaua kila kilichopo bila kukuuliza, na ukikosea njia ukaielekeza kwenye mfumo wenyewe utakuwa umejifungia nje.

Sehemu inayosumbua ni washikaji ambao mara nyingi hawaonekani kama prosesi kwa `fuser` wala `lsof`, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa na kukimbilia kulazimisha. Ikiwa unaigawa /data kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao kwa NFS, anayeshikilia ni keneli yenyewe, haina prosesi ya kuonyesha. Ondoa ugawaji kwa `exportfs -ua` au simamisha huduma ya NFS. Faili la swapu ndani ya /data halionekani kama faili lililofunguliwa na mtu. `swapon --show` ndiyo inayolifichua, na `swapoff` ndiyo inayoliachia, mradi RAM iliyobaki inatosha kupokea kilichokuwamo. Taswira ya diski iliyofungwa kama kifaa inaonekana kwa `losetup -a`. Kontena za Docker (programu zinazokimbia zikiwa zimetengwa) zina ulimwengu wao wa upachikaji: unaweza kuipachua /data kwako, amri ikakubali, na kontena moja ikabaki na nakala yake ya upachikaji ileile. Tafuta jina la kifaa ndani ya `/proc/*/mountinfo` na utaijua prosesi inayokibakiza. Zipo pia programu za uangalizi, kama vile smartd na multipathd, ambazo hazigusi /data hata kidogo lakini zinafungua diski zenyewe. Nazo zisimamishwe.

Sasa `umount /data`. Ikikataa, kuna mtu bado yupo, rudi ukamtafute. Utashauriwa kutumia `umount -l`. Usiitumie katika kazi hii. Inachofanya ni kuliondoa jina /data machoni pako huku mfumo wa mafaili ukiendelea kuishi chini hadi mshikaji wa mwisho aondoke. Unabaki na tatizo lilelile, ila sasa huna jina la kulitafutia.

Ikikubali, na hakuna kontena iliyobaki na nakala ya upachikaji, data zilizokuwa kwenye RAM zimeshapelekwa chini, kwa sababu kupachua kunasubiri jambo hilo. Diski kubwa yenye mengi ya kuandika inaweza kuchukua muda, na amri itaonekana imeganda. Iache. Fungua terminali nyingine uangalie mistari ya Dirty na Writeback (data zinazosubiri kuandikwa na zinazoandikwa) kwenye `/proc/meminfo`. Kama namba zinashuka, kazi inaendelea. Kama hazishuki na `dmesg` inalalamika kwamba prosesi imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120, basi una tatizo la diski au la kontrola, na siku hiyo si siku ya kubadilisha draiva.

Chini ya mfumo wa mafaili kuna LVM, kama mliitumia. `vgchange -an` pamoja na jina la kundi lenu itaizima. RAID ya Linux yenyewe, kama ipo, inasimamishwa kwa `mdadm --stop`. Sehemu ya diski iliyosimbwa kwa LUKS inafungwa kwa `cryptsetup close`. Ukimaliza, folda ya `/sys/block/sdb/holders` iwe tupu, na `lsmod` ionyeshe sifuri. Sifuri ndiyo ruhusa yako.

Kabla ya kuitumia ruhusa hiyo, fikiria kashe ya kontrola. Kontrola za aina hii huwa na kumbukumbu yake ndani: seva inapewa jibu kwamba maandishi yamefika, kumbe bado yako kwenye kumbukumbu hiyo yakisubiri kushuka kwenye diski, yakilindwa na betri au kapasita. Draiva ya megaraid_sas, inapoondolewa kwa utaratibu, inaiamuru kontrola imwage kashe na kujizima. Hilo ni jema, lakini mimi sipendi kulitegemea peke yake. Andika `storcli64 /c0 flushcache` (storcli64 ni zana ya mtengenezaji ya kuiamuru kontrola) wewe mwenyewe ukiwa bado una draiva ya kuzungumza na kontrola, na uangalie afya ya betri kwa `storcli64 /c0/bbu show`, au `/c0/cv show` ikiwa yako ni ya kapasita. Betri ikiwa imechoka na kontrola bado inaruhusiwa kuweka kashe ya maandishi, badilisha sera iwe ya kuandika moja kwa moja kabla ya jambo lolote, kwa `storcli64 /c0/vall set wrcache=wt`, kisha uagize betri. Kwa sisi wa huku ziwani, hili lina uzito wake. Mvua za usiku na alfajiri huja na radi nzito kutoka majini, umeme ukakatika na kurudi mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Chagua mchana mtulivu, ikiwezekana Jumapili ambapo magari ya samaki hayapangi foleni mizanini, na seva iwe kwenye UPS iliyojaa.

Na kama diski mojawapo iko kwenye kujengwa upya baada ya kuharibika, ahirisha. Kazi hiyo inafanywa na kontrola yenyewe, lakini RAID iliyopungukiwa haina akiba ya kutosha kuvumilia jambo jingine lisilotarajiwa.

Sasa `modprobe -r megaraid_sas`. Terminali ya pili iwe na `dmesg -w` uone kinachosemwa. Kila diski itaagwa kwa mstari unaosema kashe yake inasawazishwa, kisha itatoweka kwenye `lsblk`. Weka draiva mpya, pakia kwa `modprobe megaraid_sas`, subiri `udevadm settle` irudi. Usishangae kama iliyokuwa sdb sasa ni sdc. Majina hayo hugawiwa kwa zamu ya kuonekana, na ndiyo sababu fstab (orodha ya vinavyopachikwa) inatakiwa itumie UUID (utambulisho usiobadilika na jina). Soma `/sys/module/megaraid_sas/version` ujiridhishe kwamba inayokimbia ndiyo uliyoikusudia. Kisha panda kwa mpangilio uleule kinyume: `vgchange -ay`, ukaguzi wa kusoma tu kwa `fsck -n`, upachike, uwashe huduma moja moja. Mwisho jenga upya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza seva inapowaka), kwa `update-initramfs -u` kwenye Debian na Ubuntu au `dracut -f` kwenye jamii ya Red Hat, la sivyo draiva ya zamani inaweza kurudi siku seva itakapowashwa upya.

Nimebakiza onyo moja ambalo nalitilia mkazo kuliko yote yaliyotangulia. Ukitafuta mtandaoni utakutana na njia ya kuandika nambari ya PCI ya kontrola kwenye faili la `unbind` chini ya `/sys/bus/pci/drivers/megaraid_sas/`. Ni njia halali, na ina mahali pake: ukiwa na kontrola mbili zinazotumia draiva moja, mfumo uko kwenye moja na data kwenye nyingine, huwezi kuiondoa moduli, lakini unaweza kuitenganisha na kontrola ile moja tu. Tatizo ni kwamba `unbind` *haitazami ile hesabu*. /data ikiwa imepachikwa, kanzidata inaandika, nayo inakubali palepale bila neno. Ni kama kivuko cha Kamanga kung'oa nanga magari yakiwa bado kwenye daraja la kupandia. Kazi yote ya kushuka tabaka kwa tabaka niliyoieleza inabaki kuwa wajibu wako wewe, bila mlinzi wa kukurudisha. Soma nambari ya PCI mara mbili, ulinganishe na jibu la `readlink`, ndipo ubonyeze. Faili la `remove` la kifaa nalo lina tabia hiyohiyo.

Wenye Windows Server wanaosoma hapa: mantiki ni ileile. Iweke diski Offline kwanza kwenye Disk Management, kisha ndipo uzime kontrola kwenye Device Manager.

Ikitokea draiva mpya imepakiwa lakini diski hazionekani, usiingie kwenye menyu ya kontrola kuanza kufuta usanidi wowote, hata ikikupendekeza. Taarifa za RAID zimeandikwa kwenye diski zenyewe na ziko salama mradi hukuzifuta. Iondoe draiva mpya, rudisha ile uliyoinakili pembeni, pakia tena. Zikionekana, tatizo liko kwenye kifurushi kipya au hakiendani na femuwea (programu iliyo ndani ya chuma) ya kontrola yenu. Zisipoonekana, nitumie jibu la `lspci -k` na mistari yote ya `dmesg` kuanzia pale ulipoandika modprobe ya kwanza, nasi tutaisoma pamoja kabla hujagusa kitu kingine.